Farasi mzee akikonda mgongo, usisingizie uzee

Katika mazizi ya Karen na Lang'ata, Nairobi, ambako nimetunza farasi wazee, kila mara nasikia, "Huyu kazeeka tu." Mimi silikubali hilo mpaka damu ipimwe. Kuanzia miaka 15 hivi, farasi wengi hupata ugonjwa wa Cushing. Neva zinazopeleka dopamini, kemikali ya ubongo, kwenye tezi ya pituitari, chini ya ubongo, hudhoofika. Dopamini ndiyo huizuia tezi hiyo. Ikipungua, homoni kama ACTH humwagika kupita kiasi.

Watu husubiri manyoya marefu yasiyopukutika, nayo mara nyingi huja ugonjwa ukiwa umekomaa. Anza na mgongo. Pitisha kiganja toka mabegani hadi kiunoni: nyama imepungua, uti umechomoza, ilhali tumbo limening'inia? Juu ya macho pamejaa mafuta? Maranda ya zizi yanalowa mkojo chepechepe kila asubuhi? Mwite daktari wa mifugo. Damu ya kupima ACTH ikae kwenye baridi mpaka ifike maabara.

Kwato ndizo ninazoziogopa kuliko yote. Farasi jike mmoja niliyemtunza alianza kupiga hatua fupi kila akigeuzwa kwenye saruji, uzito akiusukumia miguu ya nyuma. Nikaweka vidole nyuma ya kifundo: mshipa ulikuwa ukidunda kwa nguvu, kwato zina joto. Hiyo ni laminaitisi, uvimbe wenye maumivu makali ndani ya kwato. Insulini iliyopanda ndiyo huileta mara nyingi, kwa hiyo omba ipimwe pamoja na ACTH.

Dawa ya Cushing ni pagolidi (pergolide), kidonge kila siku maisha yote. Haiponyi, inafanya kazi iliyokuwa ya dopamini. Farasi wengine hugoma kula siku za mwanzo. Usiikatize kimyakimya, mwambie daktari arekebishe kipimo. Vidonge visisagwe, na mama mjamzito au anayenyonyesha asivishike.

Kidonge peke yake hakitoshi. Ondoa molasi. Farasi mwenye insulini ya juu usimwachie majani mabichi yanayochipua baada ya masika, yana sukari nyingi. Nyasi kavu ziloweke saa moja, kisha umwage maji. Fundi wa kwato aje kila wiki 6 hivi, kinyesi kipimwe minyoo kwa kuwa kinga yao imeshuka, na manyoya mazito yanyolewe kabla ya joto la Januari. Baada ya mwezi mmoja au zaidi wa dawa, damu ipimwe tena, hata kama farasi anaonekana amechangamka.