Kitabu cha Marienbad kilitangulia filamu

Je, kitabu cha L'Année dernière à Marienbad kiliandikwa kwa kunukuu filamu ya jina hilohilo? Hapana, hakikunukuliwa kutoka kwenye filamu. Kitabu hicho, kilichotolewa na wachapishaji Éditions de Minuit mwaka 1961, ni mswada wa filamu ambao mwandishi Alain Robbe-Grillet alimkabidhi mwongozaji Alain Resnais kabla ya upigaji picha, ukiwa na marekebisho madogo tu ya mpangilio ili usomeke. Mwenyewe anasema hivyo kwenye utangulizi.

Utamu wake, kwangu mimi, uko pale kitabu na filamu vinapoachana. Kitabuni wahusika wanaitwa X, A na M. Kwenye filamu hawana hata herufi. Kitabuni X, mwanamume, anambaka A, mwanamke. Resnais hakulipiga tukio hilo: badala yake kamera inamkimbilia mwanamke huyo tena na tena, naye amefungua mikono, katika weupe unaoumiza macho. Na kitabuni mienendo ya kamera imeelezwa kwa kina kiasi kwamba unakisoma kama riwaya (ya mtu mkaidi kidogo, lakini riwaya).

Ila usidhani kwamba miswada yote ya filamu iliyochapishwa iko hivyo. Mingine kweli iliandikwa kwa kutazama filamu iliyokwisha, kwa hiyo anza na dibaji.