Maswali ya Wasomaji: Je, Antigone Alijitia Uanaume?

SWALI: Jambo Mama mhariri. Mwalimu ametusomesha tanzia ya Antigone. Tulipofika mahali binti huyo anapomzika kaka yake Polynices kinyume cha amri ya mfalme Creon, wavulana wa darasa walicheka, wakisema kwamba amejitia uanaume. Nilitaka kuwajibu, nikakosa maneno. Je, wanawake wa tanzia za Wagiriki walikuwa wakijifanya wanaume? (Msichana wa mwaka wa sita wa sekondari, Kadutu, Bukavu)

JIBU: Mwanangu, hao wavulana wamerudia maneno ya Creon bila kujua. Katika mchezo huo wa Sophocles, ulioigizwa Athens yapata mwaka 441 kabla ya Kristo, ni mfalme huyo anayelalamika kwamba binti huyu akishinda bila kuadhibiwa, basi mwanamume ni yeye wala si Creon tena.

Sasa tazama kosa lenyewe. Mlinzi aliyemkamata anasimulia kwamba, jua likiwa utosini, walimwona akilia kama ndege aliyekuta kiota kitupu, akachota vumbi kavu kwa mikono, kisha akainua mtungi wa shaba na kuimwagia maiti tambiko mara tatu. Hakushika upanga wala hakudai kiti cha mfalme. Kwa Wagiriki, kuosha maiti, kuipamba na kuililia ilikuwa kazi ya wanawake wa ukoo, na Antigone mwenyewe anakumbusha kwamba wazazi wake aliwaosha kwa mikono yake. Wewe uliyekulia Bukavu umewaona akina mama walioketi mikekani kwenye matanga. Fikiria mkubwa fulani anatokea na kuwaamuru wanyamaze, maiti ibaki nje iliwe na mbwa. Ni Creon aliyeingia katika kazi ya wanawake na kuigeuza kuwa kesi ya serikali, naye Antigone akaendelea na wajibu aliolelewa nao, hadi ukamfikisha kwenye kifo.

Hata hivyo, si wote waliofanana naye, na hapo wenzako wana haki kidogo. Clytemnestra, katika Agamemnon ya Aeschylus ya mwaka 458, alishika utawala wa Argos mumewe alipokuwa vitani Troy, na mlinzi wa kwanza kusema anautaja moyo wake kuwa na mawazo ya kiume. Medea wa Euripides, mwaka 431, anasema kwamba angependa kusimama vitani na ngao mara tatu kuliko kuzaa mara moja. Mimi sioni kwamba anatamani uanaume hapo: anapima uchungu wa uzazi kwa kipimo ambacho wanaume walikitambua.

Usidhani, lakini, kwamba Athens ilikuwa nchi ya wanawake huru. Mwanamke hakupiga kura, na mahakamani alisemewa na mlezi wake wa kiume. Jukwaani pia Antigone alikuwa mwanamume aliyevaa kinyago na joho, kwa sababu waigizaji wote walikuwa wanaume. Kwa hiyo, mkiuigiza mchezo huu shuleni, mwombeni mwalimu ampe nafasi ya Antigone mmoja wa waliocheka, tena aanzie pale penye vumbi na mtungi.