Makali kwanza, kiti baadaye: kwa mwanagenzi wa useremala

Ukiingia karakana za Gikomba au zile za kando ya Ngong Road, jijini Nairobi, kazi ya kwanza utakayopewa ni kubeba mbao na kufagia maranda. Usinune. Yatazame hayo maranda: yakiwa marefu na yamejikunja kama utepe, randa ina makali. Yakiwa unga na vipandevipande, kuna mtu anasukuma chuma butu, na mbao anayoipiga itakuwa na nyuzi zilizong'oka.

Kunoa ndiko kutakula wiki zako za mwanzo, na ni haki. Anza na mgongo wa patasi, ule upande bapa: usugue kwenye jiwe mpaka sentimita 2 za mwisho zing'ae sawasawa hadi ukingoni. Kisha geukia mwinamo, ule upande ulioteremka kuelekea makali. Pima kwa macho tu: mwinamo ukiwa na urefu mara mbili ya unene wa chuma, uko kwenye digrii 30, na hiyo inatosha kwa kazi nyingi. Sugua upande wa jiwe wenye chembe kubwa mpaka kidole kikipita mgongoni kuelekea nje kihisi uzi mwembamba wa chuma uliojikunja, upana wote wa patasi. Hapo ndipo wanagenzi wengi hukosea. Wanahamia upande laini kabla uzi haujatokea, wanang'arisha chuma nusu saa, na patasi inabaki butu ila inapendeza. Uzi ukishatokea, hamia upande laini, kisha laza mgongo bapa kabisa uuondoe. Jaribu kwenye kichwa cha kipande cha saipresi, kule nyuzi zinakoishia: patasi butu huziponda, kali huacha uso laini unaong'aa.

Jiwe lipake mafuta mepesi ya cherehani. Ya kupikia hugandamana na kuziba vitundu vya jiwe. Ukitumia mashine ya kunolea, chovya chuma kwenye maji kila baada ya sekunde chache, kwa sababu ncha ikigeuka bluu ugumu wake umekwisha na itabidi uisage sehemu hiyo yote iondoke.

Utajifunzia saipresi, maana mvule na mahogani ni ghali mno kwa makosa ya mwanafunzi. Shida ni kwamba saipresi nyingi kwenye yadi za mbao huuzwa ingali mbichi. Ipange kivulini, penye upepo, ukiweka vijiti vya unene wa inchi 1 kati ya mbao na mbao, kila baada ya sentimita 50 hivi. Vijiti vya juu vikae wima juu ya vya chini, la sivyo mbao zitapinda kufuata nafasi ulizoziacha. Vichwa vipake rangi yoyote iliyobaki ili visipasuke. Kujua kama zimekauka, kata kipande kidogo, kiweke pamoja na zile mbao, ukipime kwenye mizani kila wiki. Uzito ukiacha kushuka wiki 2 au 3 mfululizo, anza kazi. Na ukumbuke mbao husinyaa kwa upana, karibu haisinyai kwa urefu. Ndiyo maana meza iliyopigiliwa misumari imara pande zote hupasuka katikati bila mtu kuigusa.

Kabla ya kupiga mstari wowote, ipime skwea yenyewe, kile kifaa cha kupimia kona mraba. Iegemeze kwenye ubao ulionyooka, chora mstari, igeuze upande wa pili, chora tena kutoka alama ileile. Mistari ikiachana, kosa la skwea ni nusu ya huo mwanya. Za bei rahisi mara nyingi huwa hivyo.

Sasa kiungo cha ulimi na tundu, yaani ncha ya mbao moja iliyopunguzwa unene inaingia kwenye tundu la nyingine; ndicho kinachoshika mlango, kiti na kitanda. Piga randa uso mmoja uwe bapa, kisha ubavu mmoja uwe skwea na uso huo, uvitie alama ya penseli. Vipimo vyote vianzie hapo. Ukipima mara upande huu, mara ule, fremu itakaa kama imejikunja hata kama kila kiungo kinabana. Ulimi uwe karibu theluthi ya unene wa mbao: mbao ya milimita 45 inataka ulimi wa milimita 15 hivi, lakini ukubwa halisi uamuliwe na patasi uliyo nayo. Ya milimita 16 ikiwepo, ulimi ni 16.

Toboa tundu kwanza, ulimi baadaye, kwa kuwa ulimi ni rahisi kuupunguza. Tundu la kupenya lichimbe nusu upande huu, nusu upande ule, yakutane katikati. Ukilisukuma moja kwa moja, upande wa pili utabanduka vigae. Mwisho wa mguu acha ziada ya inchi 1.5 kupita tundu, isije mbao ikapasuka unapogonga. Ikate gundi ikishakauka. Ulimi ukate kwa msumeno upande wa kutupwa, mstari ubaki umeonekana. Uingie kwa kusukuma na mkono, na nyundo ya mbao kidogo mwishoni. Ukihitaji kugongwa kwa nguvu, utapasua tundu. Ukiingia wenyewe, umeshaharibu, na ule mchanganyiko wa gundi na unga wa msumeno ambao mafundi wengi hujazia mwanya hauna nguvu yoyote. Bandika kipande chembamba cha mbao kwenye ulimi, ukate upya.

Ukishabana fremu kwa klampu, usiamini skwea kwenye kona. Pima kutoka kona hadi kona, pande zote mbili. Vipimo vikitofautiana, sogeza klampu zielekee kidogo upande wa kile kipimo kirefu cha kona hadi kona na upime tena, kabla gundi haijashika.