Gitaa au sauti? Kwenye roki ngumu, sikiliza nani anampisha nani

Mabishano ya mashabiki wa roki ngumu hayaishi: kwenye gitaa, Jimmy Page wa Led Zeppelin au Ritchie Blackmore wa Deep Purple? Na waimbaji wa bendi hizohizo, Robert Plant au Ian Gillan? Mimi siku hizi siyaingii, maana gitaa hupimwa peke yake na mwimbaji peke yake, kana kwamba hawakuwahi kukutana studio. Ushauri wangu ni huu: shika rifu, yaani kile kipande kifupi cha gitaa kinachojirudiarudia, kisha sikiliza gitaa linafanya nini mwimbaji anapofungua mdomo.

Aliyekulia kwenye rumba ana pa kuanzia. Amezoea waimbaji wamalize beti zao kwanza, ndipo sebene liachiwe uwanja. Roki ngumu haina utaratibu mmoja namna hiyo. Kila bendi ilijitafutia wake.

Anza na Black Sabbath, kwa sababu wao wamekurahisishia kazi: mpiga gitaa yuleyule, waimbaji tofauti. Kwenye "Iron Man" ya 1970, Ozzy Osbourne hapishi wala hapishwi. Anaimba njia ileile ya rifu ya Tony Iommi, noti kwa noti. Wapo wanaouita uvivu. Kwangu hapo ndipo wimbo unapotisha, maana sauti nyembamba inaburuzwa na kitu kizito kuliko yenyewe. (Iommi, kumbuka, alikatwa ncha za vidole viwili kiwandani Birmingham akiwa na miaka 17, akajitengenezea vifuniko vya plastiki na kuendelea kupiga.) Sasa ruka hadi "Heaven and Hell" ya 1980, Ronnie James Dio akiwa kwenye maikrofoni. Beti ikianza, rifu kubwa inasogea pembeni, besi ya Geezer Butler inabaki ikitembea, na Dio anakwenda na melodi yake mwenyewe. Ukiniuliza nani ana sauti nzuri zaidi, ni Dio, wala si mashindano. Ila ukimpa "Iron Man" aipambe kwa sauti yake kubwa, nadhani ule ubaridi unapotea.

Deep Purple nao wana somo lao. Rifu ya "Smoke on the Water" ya 1972 inajulikana hata na wasiosikiliza roki, lakini beti inapoingia Blackmore anaiacha na kubaki akisukuma mdundo tu. Gillan, ambaye kwenye "Child in Time" alipiga mayowe hadi juu kabisa, hapa anasimulia moto wa ukumbi wa Montreux, Uswisi, kama mtu anayeleta habari. Mtu akitaka kukuthibitishia ukubwa wa Gillan kwa mayowe pekee, mwekee wimbo huu.

AC/DC wananivutia kwa ukimya. Kwenye "Back in Black" akodi, yaani noti kadhaa kwa pamoja, zinapigwa kwa mkato, zinaacha nafasi, na Brian Johnson anapenyeza maneno humo. Alikuwa mgeni: mwimbaji aliyemtangulia, Bon Scott, alifariki Februari 1980 na albamu yenye wimbo huu ikatoka Julai mwaka huohuo. Watu humtazama mpiga gitaa Angus Young kwa sababu ya kaptula yake ya shule. Wewe mfuatilie kaka yake Malcolm, mpiga ridhimu, yaani gitaa la kushikilia mdundo. Bila mkono wake mkavu, zile nafasi zisingekuwepo.

Jambo la vifaa: usisikilize kwa spika ya simu. Inameza besi, nawe utamsifu mpiga gitaa kwa uzito ambao nusu yake si wake. Tafuta hata earphone za bei ya kawaida.

Ukishazoea, nenda kwa Led Zeppelin, "Black Dog" ya 1971. Plant anaimba peke yake, bila chombo. Akinyamaza, bendi nzima inamjibu kwa rifu iliyopinda vibaya hata kuihesabu ni kazi. Na kabla hujampa Page alama zote, jua kwamba rifu hiyo aliileta John Paul Jones, mpiga besi.