Kabla ya kumwangalia mzee meno, mwombe afungue mkoba

Juzi tabibu wa meno aliyemaliza chuo mwaka jana kanitumia ujumbe: "Kaka, nina bibi wa miaka 71, ana meno 22, hana tundu hata moja. Nimpangie kurudi baada ya mwaka?" Niliusoma mara tatu. Swali hilo nami niliwahi kulijibu, nikalijibu vibaya, na gharama akailipa mama wa watu kutoka Sengerema.

Ndiyo kwanza nilikuwa nimepata chumba Kirumba, Mwanza, kiti kimoja cha mtumba, kibao cha jina langu mlangoni. Wewe unayesoma hapa bila shaka unakitaka kibao kama hicho, kwa hiyo unajua kichwa kinavyovimba. Mama alikuwa mwalimu mstaafu, kavuka na kivuko cha Kamanga asubuhi. Meno 22, meupe kuliko ya wajukuu zake. Nikamuuliza kuhusu soda na miwa, akasema hatumii. Nikaandika kwenye faili: hatari ndogo, arudi baada ya mwaka. Nikamsifu, akanibariki.

Alirudi mwezi wa kumi na moja. Meno matatu yalikuwa yamekatika usawa wa fizi, kayafunga kwenye leso. Hakufoka. "Mwanangu, si ulisema ni mazima?"

Nilimpeleka kwa daktari mkubwa kuliko mimi. Akasoma faili langu kwa sauti mbele ya wanafunzi wake, akauliza nani kaandika "hatari ndogo". Sijasahau vile vicheko.

Fizi zake zilikuwa zimeshuka, mizizi iko nje, na mimi nilikuwa natafuta matundu juu ya meno kama ya mtoto wa shule. Mzizi hauna lile gamba gumu la juu. Asidi kidogo tu inaulainisha, uozo unazunguka shingo ya jino kama panya anayeguguna kamba, na kwa mzee mara nyingi hauumi, kwa sababu chumba cha neva kimeshapungua. Kubwa zaidi, mate yalikuwa yamekauka. Alikuwa akinywa amitriptilini kila usiku kwa ajili ya ganzi ya miguu, pamoja na dawa ya presha ya kukojoza, na zote mbili hukausha mate. Hakunitajia, maana presha na jino vinahusiana vipi? Sikumuuliza. Ili kulainisha mdomo alikuwa akimung'unya pipi za kifua tangu asubuhi hadi analala. Zilikuwa ndani ya mkoba, pale pale kwenye kiti changu. Hata kioo changu cha kukagulia meno kilinata shavuni mwake siku ile ya kwanza, nikadhani ni kiu ya safari!

Kwa hiyo kijana wangu, acha kuhesabu matundu. Uliza dawa. Mwambie aje na mfuko wake wote wa dawa. Uliza kinachokaa mdomoni kati ya mlo na mlo, halafu uliza tena kwa maneno mengine, maana pipi ya kifua kwake ni dawa, wala haihesabu kama sukari. Mtazame vidole akishika mswaki. Kioo kikinata, simama hapo. Na uliza dawa, narudia, hata kama foleni imefika barabarani. Usimwachishe dawa wewe, mwandikie aliyempa. Mpe dawa ya meno yenye floridi 1,450 ppm (sehemu kwa milioni), ateme asisukutue, umpake vanishi ya floridi, arudi baada ya miezi mitatu. Ninyi vijana mnakimbilia kung'oa kwa sababu kung'oa kunalipa siku hiyo hiyo. Nami nilikimbilia huko huko, sijifichi. Leo nina viti vitatu, na wazee ndio wanaonijazia benchi.

Mwalimu bado anakuja, siku hizi kwa gari, anapita darajani Busisi. Meno 19 yote yapo. Akikaa tu kwenye kiti anacheka, anaufungua mkoba mwenyewe: "Haya, kagua."