Mkanda wa taimingi ukikatika, usipige stata tena

Gari likizima ghafla kwenye mlima wa Mau Summit, ukajaribu kuliwasha na injini ikazunguka kwa wepesi usio wa kawaida, sauti moja isiyo na ule mkazo wa kupanda na kushuka, shuku mkanda wa taimingi kwanza. Umekatika, au umenyolewa meno. Toa ufunguo na uwakataze vijana wanaotaka kukusukuma.

Mkanda huu huunganisha kranki, mhimili unaozungushwa na pistoni, na kamshafti, mhimili unaofungua vali. Ukikatika, kamshafti husimama palepale, baadhi ya vali zikiwa wazi, huku pistoni zikiendelea kupanda kwa kasi ya gari. Vali nyingi hupinda wakati huo. Lakini kila unapopiga stata unaweza kupinda zile zilizonusurika, na kusukuma gari likiwa na gia ni kubaya zaidi kwa sababu magurudumu yana nguvu kuliko stata. Weka nyutro, ita brekidauni. Subaru ya otomatiki yenye kuvuta magurudumu yote manne ibebwe juu ya lori, isikokotwe magurudumu mawili yakiwa chini.

Toyota Probox na Fielder za injini ya 1NZ-FE zina cheni badala ya mkanda, kwa hiyo haya hayawahusu wenyewe. Corolla za zamani za 5A-FE na 7A-FE, pamoja na 3S-FE, zina mkanda, lakini pistoni zake hazifikii vali. Kwa kawaida unafunga mkanda mpya, unapanga taimingi na kuondoka. Wenye kilio ni Subaru za EJ20 na EJ25 za miaka ya 2000, Mitsubishi nyingi za 4G, na dizeli za Toyota kama 5L iliyo kwenye Hiace. Dizeli haina huruma. Nafasi iliyobaki juu ya pistoni ni ndogo mno, kwa hiyo zaidi ya vali kupinda, shimu (visahani vya kurekebisha nafasi ya vali) hupasuka na kamshafti yenyewe huweza kukatika.

Fundi afungue kava ya juu kwanza, aache hedi (kichwa cha injini). Mkanda uliokufa husema umeuawa na nini. Meno yakinyolewa sehemu moja tu na kwingine mkanda ni mzima, kuna kitu kiligoma: zungusha kwa mkono pampu ya maji, tenshena (kikaza mkanda) na puli moja moja, usikilize kama beringi inakwaruza. Mkanda uliovimba na kulowa oili unaelekeza kwenye sili ya kamshafti au ya kranki. Ukingo uliochanika nyuzi ni puli iliyokaa upande. Nyufa kavu mgongoni ni uzee tu. Anayefunga mkanda mpya bila kutibu chanzo atakuwa hapo tena muda si mrefu.

Sasa kupima. Kwa injini ya silinda nne zilizopangwa mstari, toa plagi zote, zungusha kranki kwa spana nyuzi 90 kutoka alama ya juu ili pistoni zote ziwe katikati, ndipo uzungushe kamshafti hadi alama yake, kisha urudishe kranki kwenye alama. Ukiona inakwama, simama, usiongeze nguvu. Subaru ina utaratibu wake: alama ya kranki ni mstari ulio kwenye jino la nyuma la gia, si mshale ulio usoni, na mafundi wengi hukosea hapo. Ikikaa sawa kwenye mstari huo, pistoni tayari ziko katikati. Kwa zile zenye kamshafti mbili kila upande, usizizungushe ovyo, kwani vali za kuingiza na za kutoa hugongana zenyewe kwa zenyewe.

Funga mkanda wa majaribio, zungusha kranki mizunguko miwili kamili kwa mkono, hakiki alama, kisha pima kompresheni (shinikizo ndani ya silinda): betri iliyojaa, plagi zote nje, pedali ya mafuta imekanyagwa hadi mwisho. Hapa watu wa Bonde la Ufa huihukumu injini isiyo na kosa. Nakuru iko karibu mita 1,850 juu ya bahari, na hewa yake ina shinikizo la asilimia 80 hivi ya lile la pwani. Kisumu, mita 1,130 hivi, ni kama asilimia 87. Injini ambayo Mombasa ingesoma psi 180 itasoma karibu 145 Nakuru na karibu 155 Kisumu, bila ubovu wowote. Linganisha silinda kwa silinda badala ya kung'ang'ania namba ya kitabu. Tatu zikisoma 145 na moja 30, hiyo moja ina vali iliyopinda. Dizeli inahitaji geji yake. Ile ya petroli itaharibika.

Mimi humwambia fundi apime pia nafasi iliyo kati ya vali na kamshafti kwa fila (vibamba vyembamba vya chuma vya kupimia). Vali iliyopinda haikai kitini vizuri, hivyo nafasi yake huwa kubwa kuliko za wenzake.

Hedi ikitoka, badilisha kila vali iliyopinda. Kunyoosha ni kupoteza pesa. Kagua gaidi zake (mirija inayoziongoza vali) kama zimepasuka, weka sili mpya za vali, saga viti, kisha mimina mafuta ya taa kwenye matundu ya hewa na uone kama yanavuja. Ukiweka rula ya chuma juu ya uso wa hedi na fila ya 0.05 mm ipite kirahisi, peleka ikachongwe. Alama ndogo juu ya pistoni hulainishwa. Ufa, pistoni inatupwa. Kwenye dizeli linganisha urefu wa pistoni zote zikiwa juu kabisa, maana iliyo chini kidogo ina konrodi (mkono unaoiunganisha na kranki) iliyopinda. Na kwenye 5L mkanda huendesha pampu ya dizeli pia, kwa hiyo alama ni tatu: kranki, kamshafti na pampu.

Spea za kununua kwa pamoja: mkanda, tenshena, puli zote, pampu ya maji, sili za mbele, gasketi ya hedi. Tenshena ya oili ya Subaru ibanwe kwenye jiliwa polepole ikiwa imesimama, kisha ishikwe kwa pini ya 2 mm. Ukiibana kwa haraka unaiua kabla haijaanza kazi.

Wengine watakushauri injini ya ex-Japan, na pengine hesabu itakubali hivyo, hasa kwa dizeli iliyovunja kamshafti. Ila hiyo nayo huja na mkanda wake wa zamani, ambao umri wake hakuna anayeujua. Ubadilishe mkanda huo injini ikiwa bado sakafuni, kazi ya saa chache badala ya siku nzima. Kisha upeleke namba mpya ya injini NTSA, mamlaka ya usafiri na usalama barabarani ya Kenya, ili logbook ilingane.