Homa ya saa nane usiku: niliyojifunza nikimuuguza mwanangu nyumbani

Mwanangu alikuwa na miaka 4 tulipoambiwa ana saratani ya damu, ile ambayo madaktari huiita ALL kwa kifupi. Tulikaa Muhimbili wiki nyingi. Watu walinipa pole kwa siku zile za wodini, lakini mimi husema wodini ndiko kulikokuwa nafuu: usiku mtoto akikohoa, kuna sista. Kazi ilinikuta siku tuliyopanda bajaji kurudi Mbagala na mfuko wa vidonge, mbele yetu miaka 2 na zaidi ya matibabu.

Nianze na homa, maana ndiyo iliyonifundisha kwa uchungu. Kemo, yaani dawa kali za kuua saratani, hushusha zile chembe nyeupe za damu zinazopigana na vijidudu. Mtoto aliyeishiwa kinga anaweza kuwa na maambukizi makubwa kwenye damu, na wewe usione kidonda wala jipu, ila joto tu. Tulikuwa tumeelezwa: ikifika nyuzi 38, njooni hospitali. Usiku huo ilifika 38.4. Nikaona aibu kuwasumbua watu, nikampeleka kituo cha jirani. Wakampima malaria, hana. Nikapewa Panadol ya maji, homa ikashuka, tukalala. Saa nane usiku nikamgusa miguu, baridi kama barafu, na mtoto haitiki vizuri. Alilazwa, akachomwa antibiotiki kwenye mshipa siku kadhaa.

Panadol ilishusha namba ya kipimajoto, vijidudu ikaviacha palepale. Kwa hiyo usiitoe kabla ya kuongea na wodi yako. Pima kwapani, kamwe usipime njia ya haja kubwa, wala usimwekee dawa huko, kwa sababu mchubuko mdogo unatosha kupitisha vijidudu. Ukifika mapokezi usikae foleni kimya. Toa kadi, sema kwa sauti: "Mtoto huyu yuko kwenye kemo, ana homa." Madaktari wa saratani hutaka antibiotiki iingie ndani ya saa 1.

Tangu hapo kapu liko mlangoni: kadi, daftari la vipimo, kipimajoto, khanga mbili. Namba ya wodi nimeiandika kwa kalamu ya wino mzito kwenye mlango wa friji. Kwenye kopo la Blue Band kuna Sh 30,000 za usafiri wa usiku, na kijana mmoja wa bajaji hapa mtaani anajua nikimpigia saa yoyote si mzaha. Baba yake mtoto aliwahi kuzichukua zile hela akanunua umeme. Tulinuniana siku mbili. Hajazigusa tena.

La pili ni wageni, na hapa nisikufiche, linachosha kuliko dawa. Kwetu mgonjwa huonwa. Utamwambiaje shemeji aliyetoka Kilwa na kuku wake kwamba asimbebe mtoto? Mimi niliweka benchi nje chini ya mwembe, na ndoo ya maji yenye koki na sabuni. Wageni wanakaa pale, wananawa, mtoto anatoka kusalimia. Mwenye mafua anasalimia kwa mbali. Mama mmoja alikasirika nilipomrudisha mwanawe aliyekuwa na tetekuwanga. Sikuomba radhi. Kwa mtoto wa kemo tetekuwanga si ugonjwa wa kupaka unga na kungoja. Akikutana na mwenye nao, piga simu wodini siku hiyohiyo, usingoje vipele. Na kabla ya chanjo yoyote, yake au ya wadogo zake, yakiwemo matone ya polio, uliza kwanza.

Shangazi alileta chupa ya mizizi. Nilishukuru kwa dhati, chupa nikaiweka uvunguni. Ipo hadi leo.

Vidonge vinataka akili iliyotulia. Mwanangu ana vidonge vya kemo vya aina mbili: mercaptopurine anameza kila siku, lakini methotrexate ni mara moja tu kwa wiki, kwetu Ijumaa. Ukikosea ukaitoa kila siku, ni sumu. Nimezitenga kwenye makopo mawili, na kalenda ya ukutani inawekwa alama kila dozi inapomezwa. Siku moja alitapika, bibi yake akataka kurudia dozi kwa nia njema. Usirudie bila kuuliza. Usivitwange jikoni pia, vumbi lake si la kuvuta. Mkojo na matapishi ya siku zinazofuata kemo nayashika kwa glovu, na mashuka hayo nafua peke yake.

Halafu kuna zile siku 5 za deksamethasoni, dawa inayoamsha njaa na kumfanya mtoto awe mkali, ambazo sisi tunaziita siku za njaa. Saa tisa usiku mtoto anadai ugali na dagaa, ukimletea analia kwa nini dagaa wana macho. Usibishane naye. Pika jioni, funika, mpe, mkalale. Vinkristini, kemo ya kuchomwa kwenye mshipa, nayo inafunga choo na kuuma miguu: papai, maji mengi, na dawa ya kulainisha waliyokuandikia. Maji tunachemsha, maziwa pia, na kachumbari tumeisahau kwa muda. Neti ni kila usiku.

Niliyemsahau kabisa ni dada yake. Ana miaka 9. Mwezi wa tatu wa ugonjwa ndipo aliponiuliza kama mdogo wake aliugua kwa sababu alimsukuma akaanguka. Mtoto alikuwa amelibeba hilo peke yake muda wote huo, na mimi nilikuwa nampongeza kwa utulivu! Nikamweka mapajani, mkubwa vile vile alivyo, nikamwambia saratani haiji kwa kusukumwa, wala haiambukizi, na anaweza kulala naye kitanda kimoja kama zamani.

Siku hizi jioni yeye ndiye anayeshika kipimajoto na kuandika kwenye daftari. Daktari anasema mwandiko wake unasomeka kuliko wangu.